Kikoa cha Safari ya Theluji

Mjukuu wangu Salma,

Nakusalimu kutoka Guangzhou. Babu yako hajambo, na duka letu la Barabara ya Huanshi lina wateja. Unauliza kama uiache safari ya kuteleza thelujini huko Japani, kwa kuwa wanafunzi wenzako watakula mikahawani na masurufu yako hayatoshi.

Nilipofika mji huu nikiwa kijana, wafanyabiashara wenzangu nao walikula mikahawani kila siku. Niliona haya kukataa, hadi nikasema, “Jamani, tule kikoa. Leo napika mimi, kesho mwingine.”

Mwenzetu wa Unguja, aliyejitapa kuliko wote, akacheka. “Shoga, ulikuwa wapi siku zote hizi?”

Nenda, Salma. Najivunia kwamba umeuliza kabla ya kuondoka. Siku ya kwanza pika wewe. Huenda wenzako wanangoja mmoja aseme.

Bibi yako,
Mwanaidi