Dawa za Mkataji na Mikono Arobaini na Minane ya Kushoto

KIKUNDI CHA MAFUNDI WA CHUMBA CHA JUU

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14 ya mwezi wa tatu, katika chumba cha kukatia, kuanzia saa tisa na nusu alasiri.

WALIOHUDHURIA
Fundi wa makoti – Mwenyekiti
Fundi wa magauni – Katibu
Mkataji wa vitambaa – Mjumbe (ni mke wa kaka yake Katibu)
Fundi wa vifungo, aitwaye Vifungo – Mjumbe
Muuguzi wa zahanati ya jirani – Mwalikwa

ASIYEHUDHURIA
Fundi wa pasi. Alituma ujumbe kwamba ana mafua. Haya ni mafua yake ya tatu mwaka huu, na yote yameangukia siku ya kikao.

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwataka wajumbe waweke mikasi chini, na ndimi pia. Alikumbusha kwamba Mkataji, anayezungumziwa, yupo, anasikia, na ni mwenzao wa miaka kumi na moja.

KUMB. NA. 2/3: MIKONO YA MASHATI
Mwenyekiti alieleza kwamba Jumatatu Mkataji alikata mikono ya mashati ishirini na manne ya shule, na yote arobaini na minane ikatoka ya kushoto. Alisahau kugeuza kiolezo cha karatasi ili apate mikono ya kulia, jambo ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya pili halisahau.

Vifungo alisema kosa lile si la usingizi bali la vidonge anavyomeza Mkataji, na kwamba kikundi hakiwezi kumwachia mkasi mkubwa mtu ambaye ni mlevi wa dawa. Mwenyekiti aliagiza neno "mlevi" lifutwe. Katibu amelifuta, na anaandika hapa kwamba lilisemwa.

Mkataji alijibu kwamba vidonge hivyo vya maumivu aliandikiwa na daktari miaka miwili iliyopita, alipoteleza kwenye ngazi za jengo hili akiwa amebeba jora la kitambaa na kuumia mgongo. Aliongeza kwa upole kwamba zamu ya kubeba majora siku ile haikuwa yake, ilikuwa ya Vifungo. Hoja haikuendelea.

KUMB. NA. 3/3: YALIYOTOKEA JUMANNE
Katibu aliomba nafasi ya kusema. Alieleza kwamba Jumanne, Mkataji alipokwenda kupima mteja, yeye Katibu alifungua kikapu cha Mkataji, akachukua chupa ya vidonge na kuvimwaga vyote chooni. Alidhani anamwokoa wifi yake. Hakumuuliza mtu.

Mkataji alidhani chupa imedondoka njiani, akaona aibu kurudi kwa daktari kabla ya siku yake. Kufikia Alhamisi alikuwa anapiga miayo mfululizo, kamasi zinamtoka, jasho linamtiririka huku vinyweleo vimesimama kwa baridi, na tumbo halimpi nafasi ya kukaa. Katibu alimfunika kwa kitambaa cha koti akamwambia ni homa, itapita. Alijua moyoni kwamba huenda si homa, na alinyamaza siku nzima. Ijumaa asubuhi ndipo alipomwita Muuguzi.

Katibu alilia. Imeandikwa hivyo kwa agizo la Mwenyekiti, aliyesema kumbukumbu ziwe kamili.

Mkataji alisema, "Wifi, andika kwamba nimekusamehe. Lakini andika pia kwamba nilidhani nakufa."

Yote mawili yameandikwa.

KUMB. NA. 4/3: MAELEZO YA MUUGUZI
Muuguzi alieleza kwamba mwili uliokunywa dawa hizo kwa miaka miwili huzizoea, na zikikatwa ghafla huugua kama alivyougua Mkataji. Kuzoea huko si ulevi wala si tabia mbaya. Daktari amemrudishia dawa kwa kipimo kidogo kuliko cha zamani, na atampunguzia polepole, kwa miezi, huku akitafuta njia nyingine za kutuliza mgongo. Asipunguze mtu yeyote kwa akili yake, na asiongeze.

Vifungo aliuliza kwa nini isiwe wiki moja, mambo yaishe. Kabla Muuguzi hajajibu, Mkataji alisema, "Wewe gauni la mteja unalipunguzaje? Unachukua mkasi unakata kiuno chote? Unabana pini, anavaa, unamwangalia. Likimkaba, unaachia kidogo."

Muuguzi alisema hana la kuongeza.

KUMB. NA. 5/3: NANI ASHIKE DAWA
Mkataji alieleza, bila kuulizwa, kwamba siku mgongo unapozidi alikuwa anaongeza kidonge kimoja juu ya alivyoandikiwa, na Jumatatu aliongeza viwili. Alisema anaogopa. Si mkasi anaouogopa, ni ile saa ya alasiri anapokuwa peke yake na chupa. Aliomba dawa zake zifungiwe kwenye droo ya meza ya kukatia, na mwenzake mmoja awe anampa kwa wakati kama daktari alivyoandika.

Mwenyekiti alijitolea. Vifungo naye alijitolea, jambo lililowashangaza wajumbe. Mkataji aliwashukuru wote wawili, kisha akasema ufunguo apewe wifi yake.

Vifungo alisema huko ni kumkabidhi fisi bucha. Katibu mwenyewe alimuunga mkono.

Mkataji alisema, "Huyu ndiye aliyeniona nikitetemeka. Hawezi kunipunja, na hawezi kunizidishia. Sasa anajua."

Iliamuliwa hivyo. Iliamuliwa pia kwamba Mkataji abaki na mkasi wake, na kila kiolezo cha mkono kikaguliwe na macho mawili mengine kabla ya kukata.

KUMB. NA. 6/3: MENGINEYO
Mikono ya kushoto iliyozidi ni ishirini na minne. Vifungo aliomba apewe yote. Alisema ataiunganisha, aijaze mabaki ya vitambaa, itoke mto wa kuegemea mgongo kwenye kiti cha Mkataji. Mkataji aliuliza kama mto utakuwa na vifungo. Vifungo alisema utakuwa navyo, na kwamba tangu sasa majora yote atayabeba yeye, zamu au si zamu.

KUMB. NA. 7/3: KUFUNGA KIKAO
Saa kumi na moja kamili kikao kilisitishwa na wajumbe wakainuka, kwa kuwa muda wa dawa ulikuwa umefika. Katibu alifungua droo, akasoma maandishi ya daktari mara mbili, akatoa kidonge kimoja. Mkataji aliushika kwanza mkono wa wifi yake, kisha akachukua kidonge.

Hakuna aliyerudi kwenye kiti chake, hivyo Mwenyekiti akatangaza kwamba kikao kimekwisha.

Mwenyekiti: ........................

Katibu na mshika ufunguo: ........................