Kikombe cha Harusi

Mama, shikamoo. Hili sijamwambia mtu: naogopa kuja kwenye harusi ya kaka.

Huku Karatu ni baridi na ukungu. Daudi, jirani yangu wa kitanda hapa soba, nyumba ya kuachia pombe, jana alirudishwa kutoka harusini kwao Rhotia kwa bodaboda, amefungwa kanga asianguke. Wazee walimpa kikombe kimoja tu cha pombe, cha heshima; vilivyofuata alijitafutia. Leo uji unamwagika kabla haujafika mdomoni.

"Masai, nishikie bakuli," aliniambia, "na usicheke."

Sikucheka. Mama, waombe wazee wanibariki kwa maziwa, si kwa pombe. Wakikataa, sitakuja.

Nilikuwa naificha kadi hii ninayokuandikia kwa kiganja, wa hapa wasijue hofu yangu. Nasikia viatu vya mlezi wetu wa soba mlangoni. Nimeondoa mkono. Na yeye asome.

Nakupenda, Mama. Nisalimie ndama wangu.

Lemayian