Oveni Aliyoifunga Seremala

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kutwa mahakamani mjini, kesi ya mfereji wa Nduruma. Imeahirishwa tena. Nimeandika aya nne, nimezituma gazetini, nimepanda kurudi Akheri nikiwa nimelowa.

Nilimkuta Mama jikoni, mbele ya oveni mpya, amevaa ndala. Mama havai ndala jikoni kwake. Maisha yake yote amepika miguu mitupu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema Elisante, fundi, amemshauri azivae kwa sababu oveni "inapiga kidogo".

Nikavua viatu. Nikagusa mlango wa oveni kwa mgongo wa kidole. Ilipiga. Si kidogo.

Haina swichi yake. Haina plagi. Waya umeingia nyuma ya kabati na kupotea. Nimekwenda kwenye boksi la umeme koridoni, nimezima swichi ya jiko zima. Friji nayo ikazimika. Mama aliuliza mara moja tu maziwa atayaweka wapi.

Alhamisi, 10 Aprili

Elisante ni seremala. Makabati aliyotutengenezea ni ya mninga na ni mazuri, nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Oveni ameinunua kaka yangu Godlisten, akaituma kutoka Dar na kumwambia Elisante aifunge hapohapo, kuliko kuhangaika kutafuta fundi wa pili. Elisante hakukataa. Mama alimsimamia ubatizo wake, kwa hiyo ni mtoto wa nyumba hii. Wakati mwingine nadhani ni mtoto kuliko mimi.

Nilimpigia mchana. Akasema, "Dada, nimefunga oveni nyingi tu huku Meru. Hakuna aliyelalamika." Nikamuuliza ni nyingi kiasi gani, na kwa akina nani. Akakata simu.

Jioni nilikuta swichi imewashwa. Nikazima.

Ijumaa, 11 Aprili

Asubuhi imewashwa. Nimezima. Mama ameiwasha nikiwa bafuni. Tunapishana koridoni kama wapangaji waliogombana.

Godlisten alipiga simu. Mama ameshamweleza. "Umeanza. Hata zawadi ya Mama unaifanyia uchunguzi." Wanakuja wote Pasaka, yeye, mkewe na watoto wanne. Mama amewaahidi wajukuu keki kutoka oveni yake mwenyewe. Nikamwambia watoto wako wanne, sakafu ya marumaru, masika, miguu imelowa, bati lenye umeme. Fikiria. Akasema atawavalisha viatu.

Anasimamia miradi ya watu kwa mshahara mkubwa. Amesema atawavalisha viatu.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Mama hakukaa benchi langu.

Baada ya ibada Elisante alinisubiri nje, na watu wake wa kwaya wamemzunguka. Alisalimia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Shikamoo, dada mwandishi. Nasikia natoka gazetini."

Wakacheka.

"Marahaba," nikamwambia. "Ukiua mtu, utatoka."

Wakaacha kucheka. Mama alinivuta mkono kama mtoto aliyetukana mgeni. Njia nzima alisema na tawi lake la mtende, si na mimi. Kwamba kuna watu wamesoma mpaka wamesahau salamu. Kwamba Elisante hajawahi kumvunjia mtu heshima. Tawi halikumjibu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimempata fundi umeme, Shabani, anakaa Kaloleni mjini. Atakuja Jumatano. Mama amesema hakuna atakayegusa kazi ya Elisante bila Elisante kuwepo. Sawa. Nimemtumia Elisante ujumbe. Alijibu: "Nitakuja nione huyo bingwa wenu."

Swichi nimeizima na kubandika selotepu juu yake. Nimerudi kutoka kazini, selotepu imebanduliwa na kukunjwa vizuri juu ya meza yangu.

Jumatano, 16 Aprili

Naandika yote kwa mpangilio.

Elisante alifika kabla ya Shabani. Mvua kubwa. Swichi ilikuwa imewashwa, Mama alihakikisha. Elisante alipita moja kwa moja jikoni, akaweka kiganja chote kwenye mlango wa oveni na kumtazama Mama. "Umeona, Mama? Ni mambo ya dada tu."

Nikatazama miguu yake. Buti za mpira, zile za matopeni. Masika yote hazivui. Kila oveni aliyoifunga amejaribu akiwa ndani ya buti hizo. Ndiyo maana hakuna iliyowahi kumpiga. Alikuwa haongopi. Alikuwa hajui.

Ningeweza kumweleza. Nilimwambia, "Vua buti."

"Unataka nikuchezee ngoma?"

"Vua."

"Mwache mwanangu," Mama alisema.

Alivua. Buti, kisha soksi, polepole, akitabasamu, kama mtu anayemalizia ugomvi. Alisimama kwenye maji yaliyochuruzika kutoka kwenye buti zake mwenyewe. Akashika mpini wa oveni.

Mkono ulifunga na haukufunguka. Alitoa sauti ambayo si neno. Nilikimbia koridoni, nikazima. Niliporudi alikuwa chini, macho wazi, anapumua. Kiganja cha kulia kimeungua mstari mmoja, upana wa mpini.

Mama alipiga magoti akamsemesha Kimeru. Kisha akageukia kwangu, kwa Kiswahili, taratibu: "Umemtuma akafe."

Jirani alimpeleka hospitali kwa gari lake. Shabani aliingia wakati wao wanatoka. Alichungulia jikoni na kusema wanachosema mafundi wote wakikuta kazi ya mwingine. "Nani kafanya huu uchafu?" Alinuna, akaanza kazi.

Alitafuta mahali waya zilipoungwa. Hakupaona. Elisante alikuwa ameunga nyuma ya ubao wa kabati, kisha ameuziba ubao kwa gundi na misumari. Seremala anasifiwa kwa kiungo kisichoonekana. Aliunga waya kama anavyounga mbao. Hapakuwa na njia ila kukata. Ndani, msumari mmoja ulikuwa umetoboa waya na kugusa bati la oveni. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, Elisante alikuwa ameukata na kuuzungusha vizuri, kama utepe wa zawadi.

Mama hakulia Elisante alipoanguka. Alilia msumeno ulipoingia kwenye mninga.

Nilijua itampiga. Sikujua kiasi gani. Nilitaka aguse mbele ya Mama. Ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Shabani amemaliza. Laini mpya kutoka kwenye boksi, swichi yake, ethi, na kifaa kinachokata umeme ukivuja. Alipima kwa mashine yake, akanionyesha. Kisha nikamwaga maji sakafuni, nikasimama miguu mitupu, nikashika mpini. Baridi. Bati tu.

Nilimwita Mama aje aone. Alikuwa anachambua maharage uani, chini ya upenu. Aliendelea kuchambua.

Elisante ameruhusiwa. Moyo uko sawa. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji. Mkono wa randa.

Godlisten ametuma ujumbe: "Umefurahi sasa?"

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Elisante amekuja kuchukua vifaa vyake. Bendeji hadi kwenye kifundo cha mkono. Hakunisalimia. Alitazama kwa muda mrefu tundu lililokatwa kwenye kabati, akapitisha kidole cha mkono mzima kwenye ukingo wake. "Huyu hajui hata kushika msumeno," alisema.

Nilikubali. Ni kweli, kumekatwa vibaya.

"Utaandika?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Hujafa."

Alibeba sanduku kwa mkono wa kushoto. Mlangoni alisimama akinipa mgongo. Alisema kuna nyumba nyingine alikofunga oveni Makumira, nyuma ya chuo, kwa mwalimu mmoja. Na mbili Usa River. Kwa yule mwalimu kuna mtoto mchanga. "Mwambie huyo bingwa wako aende. Mimi nikipiga simu sijui nitaanzaje."

Alinitajia majina. Nilimpigia Shabani, Elisante akiwa bado getini. Sikumwambia asante, naye hakuniaga.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Mvua imepungua. Mlima umeonekana asubuhi, kisha ukajifunika.

Wamefika jana jioni. Godlisten amenipa mkono bila kunitazama. Mkewe amenisalimia vizuri, amekwenda kukaa mbali. Ibadani Mama alikaa katikati ya wajukuu.

Mchana ameoka. Nyumba nzima ilinukia. Tulikula sebuleni, mlango wa jikoni wazi. Kutoka nilipokaa nilimwona mtoto wa mwisho wa Godlisten, yule wa kike, amemwaga kikombe cha maji na amesimama katikati ya maji hayo, peku, mgongo umeegemea oveni, analamba mwiko. Aligeuka, akaweka shavu kwenye mpini ulio vuguvugu. Akaendelea kulamba.

Niliacha kula. Wengine walikuwa wanazungumzia foleni ya Chalinze.

"Mbona unamkodolea mtoto macho?" Mama alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumatano. "Kula. Kinapoa."

Nikala.