Nukta Milioni Nane

Jumamosi, 1 Machi

Kapteni kafungwa nne bila leo kwenye gemu ya mpira. Na Kidevu! Huyu mdogo wangu miaka yote huja hapa Jumamosi kufungwa, kula na kurudi kwake. Leo kacheza kama mtu aliyeachiwa uwanja peke yake.

Kapteni, mume wangu, hakubali. Kwanza padi mbovu. Kisha kiti. Mwisho TV — picha ina ukungu, rangi za jezi zinaingiliana, mpira unapotea. Mara mbili kampasia mchezaji wa Kidevu. Kidevu akamshukuru: "Ahsante shemeji, ila wangu wananitosha." Nilicheka mpaka nikaangusha nguo nilizokuwa nakunja.

Sasa anataka TV ya 4K. Nukta milioni nane kwenye kioo, na hii yetu ina milioni mbili tu. Anazitaja hizo milioni kama mtu aliyezihesabu mwenyewe. Nikachukua futi ya kushonea, nikapima kutoka kochi hadi kwenye kioo: mita tatu na kidogo. Nikamwambia, kwa TV ya inchi arobaini na umbali huo, jicho zima haliwezi kutofautisha. Nukta zitakuwepo, jicho halitaziona. Kupima macho ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na moja huu.

Akasema, "Wewe unajua macho ya watu. Mimi najua yangu."

Basi. Tumekula.

Jumapili, 2 Machi

Siku nzima simu usoni. Anasoma jinsi watu wanavyosifia TV zao. Kakuza maandishi mpaka maneno matatu yanajaza kioo kizima. Nikamtania kwamba anasoma mabango ya barabarani. Hakucheka. Siku hizi hacheki upesi.

Simwelewi na hii TV. Yeye ni mtu wa kuvaa viatu mpaka soli iombe msamaha. Mara hii kang'ang'ana. Anasema gemu ndiyo starehe yake pekee — hanywi, havuti, hatoki. Kweli. Alfajiri yuko kwenye basi la shule, watoto arobaini na mmoja, asubuhi kuwachukua, alasiri kuwarudisha. Hao ndio waliompa jina la Kapteni, na mimi nikalichukua kwao. Jumamosi yake nayo aiache?

Moyo umeanza kulegea. Kichwa bado.

Jumanne, 4 Machi

Dukani watu wengi. Mzee mmoja kanigombeza nusu saa kwamba miwani niliyomuuzia haioneshi kitu. Alikuwa kavaa ya mkewe. Tulipombadilishia akaniambia siku nyingine niwe makini.

Madereva pia, ni msimu wa fomu zao za macho. Napima mimi, naandika mimi. Daktari wa macho anakuja Alhamisi kusaini. Anasaini ninachoandika.

Ya Kapteni nimeifanya nyumbani jioni, kama kila mwaka. Kibao cha herufi kipo kwenye mlango wa chumba tangu nilipokuwa nasomea kazi hii. Yeye ndiye alikuwa mgonjwa wangu wa mazoezi — kila jioni, miezi minane, kasimama mwisho wa korido, mkono kwenye jicho. Leo kasimama palepale. Kateremka mstari kwa mstari hadi ule wa chini kabisa, hakukwama popote. Jicho la kulia, jicho la kushoto. Sita kwa sita, macho kamili. Nikaandika.

Nikamwambia: macho mazima, TV nzima, kilichozeeka ni mchezaji. Akacheka kidogo, akaenda kuoga.

Jumatano, 5 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mchana, katikati ya safari zake mbili, kanipitia dukani twende tukaangalie TV. Muuzaji ni mama wa makamo, sauti kama ya mtangazaji. Kaziweka mbili sambamba, ukubwa mmoja, mechi moja. Akamwuliza Kapteni: ipi ni 4K? Kapteni akaonyesha ya kushoto, kidole kimenyooka kabisa.

Ilikuwa ya kulia.

Yule mama akasema wengi hukosea. Nilifurahi! Nilishafungua mdomo niseme si nilikwambia. Ndipo nikatazama tena. Tulikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Kwa karibu vile tofauti inajionyesha yenyewe. Upande mmoja unaona majani ya uwanja moja moja, upande wa pili ni kijani tu. Hata mtu aliyekuwa anapita na mifuko yake alisimama akaguna.

Muuzaji akampa padi, akawasha gemu, akamwambia achague timu. Majina yamepangwa kwenye kioo. Kapteni akamrudishia padi. "Nichagulie tu mama. Nimesahau miwani."

Hana miwani. Mimi mkewe ndiye ninayeuza miwani, na mume wangu hajavaa miwani tangu azaliwe.

Hakunitazama. Nami nikajifanya nasoma karatasi ya udhamini. Niliisoma yote, siwezi kusema ilihusu nini.

Kwenye ngazi akanishika mkono. Miezi hii amekuwa akinishika mkono kila tukiwa kwenye ngazi. Nilidhani mahaba. Nimewahi hata kuwaringia wenzangu kazini.

Saa nane akaenda kuwachukua watoto. Nami nikamwacha aende.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari kasaini. Fomu ishirini na mbili kwa mkupuo mmoja, hakuinua kichwa. Nilisimama kando na chai yake. Neno lilikuwa mdomoni. Nikamwuliza kama niongeze sukari.

Fomu ya Kapteni nimeitia kwenye mkoba, nimpelekee.

Jioni kauliza tena habari ya TV. Nikasema nunua. Kafurahi, kanibusu kwenye paji la uso. Sikukubali kwa sababu ya nukta. Tukiwa tunangoja TV, hakuna anayelazimika kusema lolote. Hiyo tu ndiyo sababu. Ni uoga.

Ijumaa, 7 Machi

Kinyozi hajinyoi, ndivyo wanavyosema. Kuhusu mume wa kinyozi hawajasema kitu.

Usiku sikulala vizuri. Nimejaribu kumtetea. Pengine ile ya miwani ilikuwa soni tu, hataki kuonekana hajui majina ya timu. Lakini majina ya timu anayajua kuliko ya ndugu zangu. Pengine kachoka. Lakini kibao si alikisoma, chote?

Leo nimebeba kibao kingine kutoka dukani. Hiki kina herufi E tupu, nyingine zimelala, nyingine zimegeukia nyuma, cha watu wasiojua kusoma — unaonyesha kwa kidole imetazama wapi. Nimekibandika juu ya kile cha zamani. Kapteni kaingia na kutoka chumbani mara sita. Hajasema kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nikamdanganya. Nikasema namba za macho yake za kuweka kwenye faili nimezipoteza, asimame nimpime upya. Kasimama mwisho wa korido, mkono kwenye jicho.

E, akasema. Sawa, ya juu ni E. Kisha F, P. Kisha T, O, Z. Akateremka hivyohivyo hadi mwisho, sauti tulivu, hata akakunja uso kidogo kwenye mstari wa chini kama mtu anayejitahidi. Kibao kizima ni E! Alisoma kibao ambacho hakipo. Akabadilisha mkono, akakisoma tena kwa jicho la pili.

Miezi minane nilimsimamisha pale. Nilimfundisha mwenyewe.

Nikasema ahsante. Nikaenda jikoni, nikafungua bomba, nikalia maji yakimwagika.

Saa tano Kidevu kaja na TV mgongoni mwa gari la rafiki yake. Inchi hamsini na tano. Wakaifunga ukutani wakibishana kuhusu misumari. Ilipowaka, Kapteni akasogea, akasimama mbele yake. Kisha akasema, "Sasa naona."

Kidevu akanifuata jikoni. Akaninong'oneza kwamba mashine ya gemu yenyewe ni ya zamani, haitoi 4K. Kioo ndicho kipya, picha ni ileile, imetandazwa tu. "Usimwambie, dada."

Wakacheza. Kapteni kashinda mbili moja. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kochi, na mimi si mtaalamu, lakini mabeki wa Kidevu walikuwa wanapisha njia kama wahudumu wa hoteli. Kilemba cha ukoka. Kapteni alirusha mikono juu, akanigeukia nimpongeze. Nikampongeza.

Nilimsindikiza Kidevu hadi getini, nikamwuliza tangu lini. Akatazama viatu vyake.

"Tangu mwaka jana, dada. Huwa namwachia. Wiki ile nilimfunga makusudi, nikidhani atasema mwenyewe."

"Na mimi hukuniambia?"

"Nilijua unajua. Si ndiyo kazi yako?"

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia.

Alikuwa kwenye kochi, TV imezimwa. Nikamwambia kile kibao cha jana kilikuwa cha E tupu. Akauliza, zote? Nikasema zote. Akacheka. Sitaki kukisikia tena kicheko kile.

Kisha akaongea, akitazama ukuta. Ilianza mwaka jana, baada ya likizo ndefu. Alfajiri ndiyo mbaya zaidi, na jua likimpiga usoni. Yule mama wa basi, anayewapandisha watoto mlangoni, humwambia taa zikibadilika. "Haya Kapteni, kijani hiyo." Anasema mama huyo anapenda tu kuongea, hajui kitu. Matuta anayajua kwa kuhesabu vituo. Wavuka barabara — hapo akachukua rimoti, akairudisha. Sikumwuliza.

Kuhusu TV, alisema kweli aliamini. Si uongo wote. Kuna siku alikuwa na hakika kabisa tatizo ni kioo. Nikamshika mkono. Wakati huo sikuwa na hasira hata kidogo.

Nikamweleza. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, ule ukungu ndani ya jicho — wanauondoa, anarudi kwenye usukani. Inaweza kuwa presha ya macho, na hiyo ikishachukua hairudishi. Siwezi kujua mpaka akae kwenye kiti cha vipimo, daktari amtazame ndani. Kesho asiendeshe. Nitampigia daktari asubuhi, aje hata kama si siku yake.

Akasema fomu imeshasainiwa.

Nikasema fomu ile ni uongo.

"Uongo wa nani? Nani kaandika?"

Mimi. Mwaka huu, mwaka jana, na yote ya nyuma. Sita kwa sita, mwandiko wangu mzuri, na sijawahi kumkalisha kwenye kiti hata siku moja, kwa sababu ni mume wangu na nilitaka kumpunguzia usumbufu. Nikisema ukweli, akasema, yeye anashuka kwenye basi na mimi natoka dukani siku hiyohiyo. Hakunitisha. Alinieleza tu, polepole, kama mtu anayenionea huruma.

Akaniomba wiki tano. Shule zifungwe, aseme anaumwa mgongo, aondoke kwa heshima. Watoto wamuage vizuri. "Barabara ile naijua kwa kichwa."

"Kama kibao," nikasema.

Aliwasha gemu, akacheza peke yake dhidi ya mashine mpaka jua likazama, kasogeza kiti karibu na kioo hadi magoti yanagusa ukuta. Mashine haimwachii mtu. Sikuhesabu alifungwa mangapi.

Nampenda. Watoto arobaini na mmoja. Nimekaa na haya mawili jioni nzima na hayataki kukaa pamoja.

Jumatatu, 10 Machi

Saa kumi na moja kasoro, asubuhi. Naandika hapa mezani, chai imepoa. Namba ya daktari nimeifungua kwenye simu. Bado sijabonyeza. Mapema mno, najiambia. Kana kwamba ni suala la saa.

Kapteni kashavaa sare na kofia. Kanisalimia vizuri, kama hakuna lililosemwa. Anatafuta funguo za basi. Kapapasa juu ya kabati. Kapekua koti, mfuko kwa mfuko. Kaangalia chini ya ile TV. Kaja hapa mezani mara mbili, kapitisha mkono juu ya kitambaa, karudi.

Taa ya sebule inawaka, na ya korido nimeiwasha mimi.

Funguo ziko hapa, kando ya daftari hili, shubiri moja kutoka kwenye kiwiko changu. Aliziweka mwenyewe Ijumaa. Sikuzificha. Sijazigusa hata kwa kidole.

Karudi mara ya tatu. Anauliza kama nimeziona. Kasimama mbele yangu, anangoja nijibu —