Wiki Niliyokaa kwa Mghoi

Mkamburi mjukuu wangu,

Hapa Mwatate hatujambo, ila nyumba imekuwa kimya tangu babu yako atuage. Unauliza kama semina ya kufundisha vijana kuelewana inastahili mchango. Miaka ya sitini, shuleni kwetu Rukanga, wazazi walichanga mahindi na pojo ili kila mtoto akakae kwa mwenzake wiki moja. Mimi nilienda kwa Mghoi, aliyekuwa akisinzia darasani kila siku. Alfajiri tulipanda mlimani kuteka maji. Kipindi cha hesabu nikasinzia mimi, naye akanifinya mwalimu asinione.

Jogoo nimeshauza, mchango atakuletea mjomba wako. Likizo njoo na yule msichana wa darasani kwenu msiyeelewana naye, mlale hapa. Siku hizi nikisinzia kanisani, hakuna wa kunifinya.

Nyanya yako