Karatasi Niliyoitoa Raundi Tatu Mapema

Idara ya Historia ya Jeshi,
Chumba cha 9, ghorofa ya pili.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepunguza ukali. Mama anauliza kama bado unapanda ngazi kwa kujishika ukutani, au umekubali kununua ile fimbo uliyosema ni ya wazee. Mkaza mjomba hajambo? Na karakana ya baiskeli inaendeleaje? Huku tu wazima, isipokuwa Mama ana kitu ambacho daktari anakiita mafua na yeye anakiita vumbi, na hakuna anayethubutu kumbishia.

Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauna raha tangu Jumatatu iliyopita, na sababu yake ndiyo inayonifanya nikuandikie. Nimechana barua mbili kabla ya hii. Tafadhali isome ukiwa umekaa, na usiisome mbele ya wateja.

Mara ya mwisho nilikuambia nimepata kazi ya ukarani, nikaishia hapo. Sikukuambia ni ofisi gani. Nilificha kwa makusudi, na naomba radhi kwa hilo dogo kabla sijafika kwenye kubwa. Ni ofisi inayoandika historia ya vita vile ulivyopigana. Kitabu kina sura kumi na nne. Sura ya kumi na moja ni ya kilima chenu.

Yale machache ninayoyajua niliambiwa na Mama siku nilipopata kazi. Kwamba ulikuwa sajenti, na mlikuwa watu kumi na wawili kwenye bega la kilima. Kwamba betri za redio zilikufa asubuhi, na kombania ikamtuma tarishi kwa miguu na karatasi ya amri ya kurudi nyuma. Kwamba wewe ulisema karatasi haikufika, na mkuu wa kombania akasema ilifika ukaikaidi kwa kutafuta sifa. Mlishuka watatu. Tarishi hakuonekana tena. Familia za wale tisa zikaacha kuitikia salamu yako, nawe ukahama. “Kaka yangu hajawahi kusema uongo,” Mama aliniambia, “ila na kusema kwenyewe hajawahi.”

Ofisini hakuna aliyejua kwamba wewe ni mjomba wangu. Fomu iliuliza jina la baba na la babu mzaa baba tu, nami nikajaza kilichoulizwa.

Mkubwa wangu ni meja mstaafu. Sisi makarani tunamwita Bwana Rula, kwa kuwa hatembei bila rula ya chuma mfukoni. Kila sura ya kitabu huipima kwanza mezani. Meza ni ya mbao, kubwa kuliko kitanda cha watu wawili. Vilima vimechongwa kwa sponji gumu, mito ni utepe wa buluu, na askari ni vijisanamu vya plastiki virefu kama ukucha wa kidole gumba. Sentimita moja ni mita ishirini, na raundi moja ni dakika kumi za vita. Wanafunzi wa uofisa huja kucheza, nusu upande wetu, nusu upande wa adui.

Bwana Rula ana utaratibu mmoja ambao anasema vyuo vingine havina. Anasema mchezaji huiona meza yote kama ndege, kumbe askari handakini haoni hata mita hamsini. Kwa hiyo amri haisemwi kwa mdomo. Inaandikwa kwenye karatasi, karatasi inapewa karani aliyekaa nyuma ya kiambaza cha kadibodi, na karani anaisafirisha. Tarishi huenda sentimita kumi kwa raundi. Karani anatupa dadu: ikitoka sita, tarishi amekimbia na umbali unakuwa mara mbili, ikitoka mbili, amelala chini na raundi imepotea, ikitoka moja, ameanguka na karatasi imepotea naye. Karani peke yake ndiye anayeiona dadu. Anaandika kwenye daftari, na raundi ambayo karatasi inafika ndipo anaipitisha chini ya kiambaza.

Karani huyo nilikuwa mimi.

Jumanne ya tarehe mbili walicheza kilima chenu. Seksheni yako ilichezwa na mwanafunzi mmoja mrefu mwenye maneno mengi. Kombania ikaandika amri ya kurudi nyuma raundi ya nne, kama ilivyo kwenye kumbukumbu, na kutoka kombania hadi kwako mezani ni sentimita sabini. Ukihesabu bila bahati wala mkosi, karatasi inafika raundi ya kumi na moja. Adui anakifikia kilima raundi ya kumi na mbili.

Raundi ya sita makombora yakaanza kuanguka kwenye bega. Kila askari anapokufa mchezaji humwondoa na kumlaza kwenye kifuniko cha bati pembeni. Wakalazwa wawili. Raundi ya saba wakalazwa wengine wawili. Yule mrefu akawa anatania: “Afande, hawa watu wangu wamekwenda pikniki au wamekuja kupigana? Mbona wanalala mapema?” Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nawatazama wale waliobaki, na mmoja wao alikuwa na mkono umeinuliwa, ndivyo walivyomtengeneza kiwandani, na huyo ndiye aliyekuwa wewe.

Mjomba, sikupanga. Dadu ya kweli ilikuwa imetoa tatu raundi ya tano, na mbili raundi ya sita. Nikaifuta ile mbili nikaandika sita. Raundi ya saba sikutupa kabisa, nikaandika sita. Raundi ya nane nikaandika sita tena, nikaisukuma karatasi chini ya kiambaza, raundi tatu kabla ya wakati wake.

Yule mrefu akaisoma kwa sauti, akashangilia, akawashusha watu wanane waliobaki. Wakafika chini saba. Mwenzake akauliza, “Sita tatu mfululizo! Huyo tarishi alikula nini asubuhi?” Chumba kizima kikacheka. Nami nilicheka. Nakuambia kweli, nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikijiona kama mtu aliyekwenda kukushika mkono.

Jumatatu iliyofuata Bwana Rula alinipa kurasa za sura ya kumi na moja nizipige chapa. Ukurasa wa 212 ulikuwa na sentensi hii, naikumbuka neno kwa neno: “Jaribio la mezani limeonyesha kwamba tarishi aliweza kufika kilimani kwa wakati, na hivyo hakuna sababu ya kutilia shaka ushahidi wa mkuu wa kombania.”

Nilisoma mara nne. Nilichotaka ni watu wako waishi hata mara moja, hata kwa plastiki. Sikuwaza kwamba karatasi ikifika mapema mezani, maana yake ni kwamba ilifika na kule. Miaka ishirini na miwili umesema haikufika, na mimi, mtoto wa dada yako, ndiye niliyeifikisha.

Nikaipiga chapa sentensi ile. Nisamehe. Kurasa zilikuwa zinatakiwa kiwanda cha uchapaji Ijumaa, na mimi bado niko kwenye miezi sita ya majaribio. Siku tatu nilikaa na daftari kwenye droo, kila mlango ukigongwa nashtuka kama mwizi. Mama aliniuliza kama nina mchumba amenikataa. Nikasema ndiyo, na hilo pia ni uongo wa kunisamehe.

Alhamisi saa tatu asubuhi niliingia kwa Bwana Rula na daftari mkononi. Nilikuwa nimejiandikia maneno ya kusema, lakini yalitoka ovyo. Nikamwambia zile sita tatu ni za kalamu. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia sajenti wa kilima ni kaka yake mama yangu. Nilitegemea anifokee. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, kisha akasema, “Kijana, kalete dadu.”

Tulicheza safari ya tarishi mara tano, sisi wawili tu. Kiambaza alikiondoa. Alitupa dadu yeye mwenyewe mezani, wazi, na mimi nikaandika. Mara ya kwanza tarishi alianguka raundi ya sita. Mara ya pili alifika raundi ya kumi na tatu, kilima kimeshachukuliwa. Mara ya tatu akaanguka karibu na kalvati moja njiani. Mara ya nne alifika raundi ya kumi, Mjomba. Kwa wakati. Mara ya tano akaanguka sentimita kumi tu kutoka kwako.

Nikamwambia, “Afande, mara nne kwa tano haikufika kwa wakati.” Akasema, “Na mara moja ilifika. Dadu si shahidi, na wewe baada ya ulichofanya huwezi kuwa shahidi.” Kisha akaichukua kalamu nyekundu akaikata ile sentensi yote. Juu yake akaandika: “Haijulikani kama amri ilifika. Sajenti alisema haikufika.” Akanipa nipige chapa upya, akasimama nyuma yangu hadi nikamaliza.

Nilipekua sura nzima jioni ile. Ni mara ya kwanza humo ulichosema wewe kimeandikwa. Kabla ya hapo kuna kilichosemwa juu yako tu.

Mimi nimeondolewa mezani, nimepelekwa dirisha la kupokelea barua. Barua ya onyo imeingia kwenye faili langu, na kama nitabaki baada ya miezi sita, sijui. Usihuzunike kwa hilo. Adhabu ni yangu, nimeipata kwa haki.

Kuna jambo moja la mwisho, na nimeagizwa nilifikishe kama lilivyo bila kukushawishi. Bwana Rula aliuliza kama uko hai. Nikasema uko hai. Amesema kiwanda kimempa nafasi hadi mwisho wa mwezi, na ukitaka kuandika kwa mkono wako mambo ya siku ile, mafupi au marefu, atayaweka kwenye sura bila kubadili neno. Usipotaka, ukurasa utabaki na zile sentensi mbili. Nimefikisha.

Sasa ninayoyasema ni yangu. Tangu Alhamisi ile mara ya nne hainitoki akilini. Namwona tarishi akifika, naiona karatasi mkononi mwako, na siwezi kuendelea kutazama. Naona aibu kukuandikia hivi. Mama hajawahi kukutilia shaka hata siku moja, na mimi niliyekaa mezani na plastiki nimekutilia shaka siku tatu. Sikuulizi. Kama haikufika, nimekukosea mara mbili. Kama ilifika, na ulikuwa na sababu ambayo sisi ambao hatukuwapo hatuwezi kuijua, au hukuwa na sababu yoyote, ulikuwa umechoka tu na umeogopa, basi na mimi naijua hofu, nami nitakuja likizo kama nilivyoahidi, nile mezani kwako, na sitakutazama kwa jicho jingine.

Nisalimie mkaza mjomba, na binamu zangu wote wawili, hasa yule mdogo, umwambie kalamu aliyoniagiza nimeinunua. Mama anakusalimu sana. Barua hii hajaisoma. Bibi naye anakuombea kila akiamka. Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri na watu wa kukaa nao karibu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye ukiandika na nikupendaye ukinyamaza.