Lucinda na Maziwa ya Rangi

Kilambo,
Mtwara.
17 Agosti 1969

Mpendwa mdogo wangu Inasio,

Pokea salamu zetu. Natumaini mkonge wa Tanga haujakumaliza mikono, na kile kikohozi kimepoa. Mimi ni mzima. Baba mzima. Mkeo Olinda anakula kidogo, lakini anakula.

Simu ya maandishi niliyokupelekea ilisema tu kwamba mwanao Lucinda amefariki. Umeandika kuuliza kafa kwa nini, nawe umetaka nisikufiche. Sitakuficha.

Rangi yetu unaijua: maziwa ya mbuzi yanagandishwa kwa ndimu, machicha yanakamuliwa, yanatiwa chokaa na udongo mwekundu. Mwaka huu Baba amepata kazi ya kupaka kanisa zima, kwa hiyo kila tone limekwenda chunguni. Na unajua anavyowazuia watoto wasiyaguse: ukinywa maziwa ya nyumba hii, tumbo linageuka ukuta. Mimi na wewe tuliamini hayo mpaka tukaota ndevu.

Mvua zilikuwa haba, tukaishi kwa muhogo mtupu. Lucinda akavimba miguu, nywele zikawa nyekundu. Baba alisema ni minyoo. Olinda alimbeba hadi hospitali mjini, nami nikawasindikiza, na muuguzi Felista alimtazama mara moja tu: utapiamlo. Dawa yake ni maziwa, kijiko kwa kijiko.

Lucinda alifunga mdomo. Felista alimbembeleza, akamtisha, akambana pua, mtoto akatema. Olinda akanywa kikombe kizima mbele yake ili aone. Lucinda alipiga kelele, wodi nzima ikageuka: "Mama, tema! Tema, utakuwa ukuta!"

Wagonjwa walicheka. Felista hakucheka.

"Nani kamfundisha haya?"

"Babu yake," nikasema.

"Basi aje anywe yeye."

Nilimkuta Baba juu ya ngazi kanisani. Hakushuka. "Chokaa imeshakutana na maziwa, Jeronimo. Nikiondoka sasa, chungu chote kinakuwa jiwe. Njaa ikimuuma atakunywa." Alikuja ukuta ule ulipokwisha. Lucinda hakuwa tena na nguvu ya kulia, ila alipomwona aliinua mkono.

Baba akashika kikombe. "Mke wangu, tazama. Babu alikuwa anakutania tu."

Akanywa, akamaliza. Lucinda alilitazama koo lake likipanda na kushuka, kisha akafungua mdomo. Felista akajaza kijiko. Kabla hakijamfikia, Baba, ambaye amenusa maziwa yaliyochacha maisha yake yote bila kuyameza, aliyatapika yote juu ya shuka.

Lucinda akafunga mdomo. Hakuufungua tena, hata kwa maji. Alifia mikononi mwa mama yake.

Usidhani Baba amenyamaza. Juzi nilimsikia akiwaambia watoto waliozunguka chungu, "Mwenzenu kapelekwa mjini, kanyweshwa maziwa. Mmemwona alivyorudi?" Mwanao Mikaeli alikuwa hapo, akaitikia kwa kichwa. Miguu yake imeanza kujaa. Nimeibonyeza kwa kidole, na shimo limebaki. Olinda amemletea maziwa kutoka kwa jirani, mtoto ameyamwaga.

Njoo. Omba ruhusa, wakikunyima, toroka. Mikaeli hajawahi kukusikia wewe ukisema maneno ya Baba, huenda akakuamini. Lakini usije hivi hivi. Anza kunywa maziwa huko huko Tanga, kila siku, mpaka yakae tumboni. Mimi nilijaribu jana mbele ya Mikaeli. Yalinirudi.

Shangazi Conceicao anakusalimu, na binti yake Magreth pia. Olinda nilimuuliza kama ana neno la kukuandikia, alisema hana.

Mungu akushike mkono njiani na akufikishe mapema.

Ndimi kaka yako akupendaye,
Jeronimo